Miaka Miwili ya Twiga

Dada yangu ni fundi lifti wa serikali, na kwa urefu wake kila mtu anamwita Twiga. Nyumbani hadithi yake tumeikariri: akiwa na miaka mitano tu alipitisha mkono juu ya kichwa akagusa sikio la upande wa pili, mwalimu akaandika ana saba, akaingia darasa la kwanza. Enzi hizo cheti cha kuzaliwa hakuna. Kipimo kilikuwa sikio. Na mama alivyokuwa akijisifu, ungedhani mkono ni wake!

Serikali ilipotangaza kwamba itagharamia upandikizaji wa mimba katika hospitali ya umma, Twiga alikuja kulia jikoni kwangu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mirija imeziba, shemeji kauza mpaka pikipiki kuzipelekea fedha hospitali binafsi. Sharti likawa moja: mwanamke awe hajatimiza arobaini. Kwa makaratasi, Twiga anatimiza Ijumaa. Kwa mwili, anatimiza thelathini na minane. Jumatano tukamkokota mama mpaka hospitali, akaseme umri wa kweli.

Afisa wa mpango alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti lakini mgumu.

"Si roho mbaya, dada," akamwambia Twiga. "Tiba ya mtu mmoja inakula fedha ya kuchanja watoto wa mtaa mzima. Umri ukisonga, mimba nyingi hazishiki. Lazima tukomee mahali."

Nikawaka. "Na siku anazoshinda analia, lifti mbovu watu wanapanda ngazi na wagonjwa mgongoni, hasara hiyo mnaipigia hesabu?"

Twiga akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Tumeipiga," afisa akajibu. "Ndiyo maana mpango upo. Sasa nisikilizeni. Mzazi anaweza kuapa kwamba umri ulikosewa. Ila umri ukishuka hapa, na kazini umeshuka. Itaonekana aliajiriwa na miaka kumi na sita, kabla ya umri wa kuajiriwa. Miaka miwili ya pensheni inapotea, na mwajiri akitaka anamfukuza kwa udanganyifu."

"Udanganyifu gani?" nikadakia. "Si alipimwa sikio na mwalimu?"

Mama alikuwa kimya tangu tuingie. Mama yetu huyu, anayeongea hata usingizini! Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kama kuna mtu atamnyang'anya.

"Haukufika," akasema.

"Nini, mama?"

"Mkono. Haukugusa sikio. Nilisimama nyuma yake nikamsukuma kiwiko mpaka akapiga yowe." Hakututazama. "Mwaka ule serikali ilikuwa inalipia watoto wote wanaoanza shule, na tulisikia mwakani wanafuta. Baba yenu hana kazi. Ningefanyaje?"

Twiga akalishika bega lake la kulia, lile linalomsumbua kila akibeba mota. Mimi ndiye niliyetaka kupiga kelele.

Afisa akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo serikali ilishalipa mara moja kwa uongo. Leo ilipe tena?"

"Kwani ilikula hasara?" Mama sasa sauti imempanda. "Ilisomesha mtoto, ikapata fundi! Anakatwa kodi kila mwezi. Hiyo lifti iliyokuleta huku juu asubuhi, nani kaitengeneza?"

"Sijakataa, mama. Nataka yeye ajue." Akamgeukia Twiga. "Mwezi ujao unaweza ukawa huna kazi, na mimba isishike. Ukose yote mawili. Mama aape, au mrudi nyumbani?"

Nilitaka kusema ngoja, tumpigie shemeji kwanza, haraka haraka haina baraka. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa, na Twiga alikuwa ameshainuka, akazunguka kiti cha mama, akasimama nyuma yake.

"Apa, mama."

Mama akaanza kuinua mkono wa kulia. Ukakwama usawa wa kifua, machozi yakamtoka. Twiga akainama, akamshika kiwiko taratibu, akausukuma juu mpaka ukafika.