Shokapu za Mkunga

Fundi alimsingizia mkewe. Mchana kweupe, mkunga alimuuliza kwa nini shokapu za mbele za pikipiki yake zinavuja baada ya siku tatu tu, naye akafuta mikono na kusema, "Hizi alifunga mama watoto, dada. Unajua tena."

"Basi asiiguse tena pikipiki yangu," mkunga akasema. "Funga mwenyewe. Nakuja saa kumi."

Mke alikuwa palepale, amechutama kando ya benchi. Shokapu zile alizifunga Fundi, mbio mbio, akiwahi ubishi wa mpira kwa kinyozi.

Na mkunga alipopinda kona tu, Fundi huyohuyo akamsogezea mkewe spana.

Mke akafungua. Sili ya oili, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imechanika mdomo, kama alivyojua. Zamani, mume huyu ndiye aliyemfundisha: kabla ya kuivisha sili, funika ncha ya bomba la shokapu kwa mfuko wa nailoni uliopakwa oili, maana ukingo wa bomba ni wembe. Alimfundisha huku akiimba, akimshika vidole, na wapita njia wakiwacheka. Mwalimu kasahau somo, mwanafunzi analo.

Akavisha sili mpya, akaigonga taratibu kuzunguka mpaka ikakaa. Kusoma hajui, lakini chupa aliyomnyweshea maziwa kitindamimba wao ina mistari. Akapima oili, mstari wa saba kila mguu wa shokapu. Akarudisha springi, vizibo na gurudumu. Kabla ya kukaza nati za chini akakandamiza usukani mara kadhaa, miguu yote miwili ijinyooshe.

"Unaibembeleza kama mtoto," Fundi akasema, akimletea chai.

"Mtoto hasingiziwi."

"Yaishe, mama watoto. Hata sukari nimetia mwenyewe."

Akaonja. "Umetia wapi, baba watoto? Kwenye kikombe cha jirani?"

Fundi akaangua kicheko, naye akajikuta anacheka. Kumnunia mtu huyu ni kazi kuliko kufunga injini.

Saa kumi mkunga akaijaribu kwenye mashimo yote ya mtaa, akarudi akipapasa mabomba. "Makavu! Ndiyo maana nilitaka ufunge mwenyewe, Fundi."

Mke akasimama, spana mkononi, akimtazama mumewe mdomoni. Fundi akakohoa. "Safari njema, dada."

Vumbi lilipotulia akasema kwa sauti ya chini, "Kazi mbovu ilikuwa yangu. Nzima ni yako."

"Mimi unanieleza nini, na ninajua?"

Mke anampenda; jioni ile alimshonea kifungo cha shati. Lakini mkunga anaingia kila nyumba, na kila nyumba anasema mke wa Fundi asipewe spana. Maneno yale mawili ni ya mkunga kuyasikia, palepale kwenye benchi, kwa sauti ileile iliyomsingizia. Fundi hajayasema mpaka leo.