Kata ya Maji Kabla ya Magharibi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema, msomaji asije akadai baadaye kwamba nilimficha. Mke wangu alizoea kuniambia kuwa hata nikipewa chai huichungulia kwanza, na hakuwa anatania. Lakini ujanani tabia hii ilinipatia heshima. Ndiyo iliyonifanya niitwe kuwa mmoja wa wateuzi watatu wa timu ya mpira ya wanafunzi wa sekondari wa jimbo letu la Tanga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa karani bandarini, nakaa Makorora, na mpira nilikuwa nimeuacha baada ya goti kunikatalia. Kila mwaka, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, vijana wanaosifiwa walikusanywa mjini kwa wiki moja. Walilala kwenye bweni lililokuwa ukingoni mwa uwanja wa Usagara, wakachezeshwa hapo huku sisi watatu tumekaa kwenye benchi na madaftari yetu. Mwisho wa wiki tulichagua kumi na wanane wa kwenda Dar es Salaam kucheza na majimbo mengine. Waliobaki walirudi makwao na vifurushi vyao.

Tatizo lilikuwa mamluki. Mashamba ya mkonge yalikuwa na timu zao, vilabu vya mjini vilikuwa na timu zao, na watu walipenda mpira kupita kiasi. Shule yenye winga mbovu ilikuwa tayari kumwazima mkata mkonge, ikamvika kaptula na kumpa jina la mwanafunzi anayeumwa homa nyumbani. Mwaka uliotangulia nilimkamata mmoja. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa alfajiri ile ile, lakini hilo halikunitosha. Nilimkamata kwa kengele ya chakula. Ilipolia, vijana wote waliinuka kwenda kupanga mstari, yeye akabaki amekaa, anangoja kuletewa. Nikamwambia mwenzangu, huyu si mwanafunzi, huyu ana mke. Kweli alikuwa na mke, na watoto wawili juu yake.

Sheria ilikuwa kali. Mamluki alifutwa papo hapo, na mkuu wa shule aliandikiwa barua. Mwanafunzi aliyelitoa jina lake litumiwe alifukuzwa shule. Sekondari wakati ule zilihesabika kwa vidole, na aliyefukuzwa moja hakupata nyingine. Barua hizo niliziandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Wateuzi wenzangu walikuwa Mzungu wa idara ya elimu, ambaye ilipofika saa kumi na moja aliondoka kwenda kunywa chai na wenziwe, na mwalimu mmoja wa kabila la Wabondei, wa shule ya misheni ya huko milimani. Mwalimu huyu alikuwa mpole, mkimya, na kwa sababu hiyo nilimshuku pia. Mtu aliyeleta vijana wanne kambini halafu hamsifii hata mmoja wao anaficha kitu, ndivyo nilivyofikiri.

Mwaka ule kambi iliangukia Ramadhani. Kalenda ya Mzungu haikuwa na mwezi mwandamo. Tulipomweleza alisikitika kwa adabu, akapanga vijana wa Kiislamu wacheze asubuhi mapema kisha walale, na Wakristo wacheze alasiri. Mimi nilikuwa nimefunga, na nilikaa pale asubuhi na alasiri, midomo imekauka, hasira ziko karibu. Ukiniuliza mambo ya siku zile nitakwambia harufu ya maandazi yaliyokuwa yakikaangwa kwa ajili ya futari nyumba za jirani kabla sijakwambia nani alifunga goli.

Kwenye daftari langu kila kijana alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wa huyu ninayemkusudia uliandikwa hivi: winga wa kushoto, shule ya misheni, Mkristo, anakwenda mbio, ana akili. Juu yake nikaandika jina lake la ubatizo. Siku ya kwanza alimpita beki mara tatu kwa njia ile ile, na beki akaanguka mara zote tatu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilipiga mstari chini ya neno "akili" nikaweka alama ya kuuliza. Kijana mzuri kiasi kile, na hatujapata kumsikia?

Siku ya pili refa alimwita kwa jina lake, naye hakugeuka. Aliitwa mara ya pili, mwenzake akamgusa bega, ndipo akageuka. Nikaandika: hajui jina lake.

Siku ya tatu nilikwenda kuwatazama wakila mchana. Wenzake wa misheni walikaa mviringo wakila wali na maharage kwenye sinia moja. Yeye alisema tumbo linamuuma, akajitenga nyuma ya bweni. Nilimfuata kwa mbali. Hakuwa anafanya lolote. Alikuwa amekaa kivulini, ameegemea ukuta, kimya. Nikaandika: hali na wenzake.

Siku ya nne niliyatazama maji. Kati ya kipindi na kipindi ndoo iliwekwa pembeni, na kata ya kifuu cha nazi ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia alichota, akatia maji kinywani, akasukutua, akayatema yote. Akanawa uso, akampa mwenzake kata. Nilihisi nimempata.

Hapa sina budi kueleza jinsi tulivyokuwa tukifikiri. Vilabu vya mjini na vya mashamba havikucheza bila mganga. Mchezaji aliyefanyiwa mambo alipewa miiko: asile sinia moja na wengine, asinywe maji ya kata iliyoguswa na watu, asiitikie akiitwa na mtu asiyemjua. Mimi mwenyewe nilipokuwa nacheza nilipewa miiko ya namna hiyo, na niliishika. Mwanafunzi wa padre hana miiko. Kwa hiyo huyu hakuwa mwanafunzi wa padre. Alikuwa mchezaji wa klabu, tena klabu yenye mganga hodari, na alikuwa amevaa jina la mtoto wa watu. Hesabu ilitimia. Nilijisifu moyoni siku nzima, na mate yangu makavu.

Siku ya tano, alasiri, alifunga goli kutoka pembeni kabisa, mpira ukapinda ukaingia. Watazamaji wakapiga kelele. Katika kelele hizo nikasikia sauti ya mwanamke, kule kwenye ua wa minyaa, akimwita kwa jina jingine. Jina la Kiislamu, jina la pwani kabisa. Nilimtazama kijana. Hakugeuka kwa mwanamke yule, lakini mguu wake ulikosea hatua, na uso ukambadilika. Nami nikalifunga daftari. Sikuhitaji tena kuandika.

Mchezo ulipokwisha nilimwita mbele ya benchi. Mzungu alikuwa amekwishaondoka. Mwalimu wa misheni alikuwa pembeni yangu, anafunga kamba za viatu vyake, kazi iliyomchukua muda mrefu mno.

"Shikamoo, bwana," kijana akasema.

"Marahaba. Jina lako nani?"

Akanitajia lile la ubatizo.

"Na lile uliloitwa kule kwenye ua ni la nani?"

Jasho lilikuwa linamtiririka, midomo yake myeupe kwa ukavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, naomba tuseme kando. Mimi na wewe."

"Tuseme hapa hapa. Mwalimu wako yupo, hakuna siri."

"Naomba, bwana."

Angeombwa mtu mwingine, labda angekubali. Lakini kwangu mtu anayetaka kusema kando ni mtu aliyekwishakubali kosa, anatafuta bei. Nilimwambia kwamba nimemwona wiki nzima, hali na watu, hanywi na watu, haitikii jina lake. Nikamwambia nitaiandikia shule yake barua jioni hii hii, na padre atafute mwenyewe ni nani aliyekuja Tanga kwa jina la mwanafunzi wake. Alipolisikia neno barua alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa bado na kamba za viatu.

"Kama huna miiko," nikasema, "kunywa maji."

Nikachota mwenyewe nikampa kata. Jua lilikuwa limefika usawa wa paa la bweni. Kijana alilitazama jua, kisha akanitazama mimi, kofia yangu na kanzu yangu, kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Nilidhani ananipima. Halafu akachutama, akaishika kata kwa mkono wa kulia, akanywa kwa mafunda matatu, akivuta pumzi kati ya funda na funda. Akamaliza. Akanirudishia kata kwa mikono miwili.

"Nimekunywa, bwana," akasema.

Nilifadhaika kidogo, kwa kuwa mwenye miiko hanywi hata umtishe kwa panga. Basi hana miiko, nikakubali. Labda jina lile aliitwa mtu mwingine. Nikafungua daftari, nikaifuta alama ya kuuliza, nikamwambia aende akaoge. Mwalimu wa misheni akasimama, kamba zake zimefungwa vizuri sana.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Nimeridhika."

"Haya," akasema, akaondoka bila kuniaga.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu niwahi nyumbani kufuturu nilipomwona mwanamke yule langoni. Alikuwa mtu mzima, buibui limechakaa, kichwani ana kikapu kitupu kilichonuka samaki, mkononi ana bakuli lililofunikwa kwa kawa. Aliiona kofia yangu akatabasamu kama aliyempata ndugu.

"Bwana, samahani," akasema. "Nimetoka Kigombe na samaki tangu alfajiri. Yule aliyefunga goli ni mwanangu. Nilijisahau alasiri hii, nikamwita kwa jina letu. Alinikanya kabisa, mama usiniite. Shule ya serikali tulikosa nafasi, ikapatikana ya mapadre, wao wakataka mtoto wa kanisa. Basi akaandikwa mtoto wa kanisa. Lakini kafunga, bwana. Kafunga tangu mwezi mosi, hajaacha hata moja, huko huko milimani kwa kujificha. Mimi siwezi kuingia na futari humu, wenziwe watauliza. Wewe ni mwenzetu. Mpelekee, nakuomba, adhana i karibu."

Akanipa bakuli. Lilikuwa bado la moto. Nililipokea. Nilimwona tena amechutama, mkono wa kulia, mafunda matatu. Hivyo ndivyo na mimi nilivyofundishwa kunywa maji utotoni, chuoni nilikosoma Kurani. Siku baada ya siku kijana alikuwa amenionyesha kila dalili ya mtu aliyefunga, na mimi niliyefunga, niliyesukutua maji ya birika langu mchana ule ule na kuyatema, sikumtambua, kwa sababu daftari lilisema Mkristo. Na nilikuwa nimemfungulisha robo saa kabla ya magharibi.

Nilimkuta kwenye bomba nyuma ya bweni, anaosha miguu. Nikamnyoshea bakuli. Aliifunua kawa, akaona tende, na mihogo ya nazi, na kipande cha nguru. Aliitambua mikono iliyopika, nilimwona akimeza mate.

"Hii ni ya mwenye kufunga, bwana," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliomba tuseme kando."

Naona aibu hata sasa ninapoandika. Adhana ikaanza msikitini, na vijana wa Kiislamu wa kambini wakatoka bwenini wakikimbilia meza yao. Aliniuliza, "Barua utaandika?"

"Siandiki. Na umo katika kumi na wanane."

"Basi," akasema. "Siku hii moja ya funga nitailipa baada ya Idi." Akachukua tende moja bakulini akanipa mimi, kwa adabu, kama anavyofuturishwa mgeni. Nilikula. Kilichobaki alikwenda kukiweka mezani kwa vijana wale, bila kusema kimetoka wapi, akarudi na bakuli tupu.

Alikwenda Dar es Salaam, akacheza, akamaliza shule kwa jina lile lile la kwenye daftari. Mwalimu wa misheni sikumuuliza kitu, na mpaka leo nashuku kwamba alijua kila kitu, na kwamba zile kamba za viatu zilikuwa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kutoona. Mimi mwaka uliofuata nilikataa uteuzi, nikasingizia goti.

Lakini jioni ile ilibidi kwanza nirudishe bakuli langoni. Mama alikuwa bado amesimama pale pale, ananingoja. Alilichungulia akaona halina kitu, akafurahi.

"Kafuturu vizuri?" akaniuliza.

Utamu wa tende ya mwanawe ulikuwa bado ulimini mwangu. "Amefuturu vizuri, mama," nikasema, naye akanishukuru, akaniombea dua ndefu, akajitwika kikapu chake. Hakunishuku hata kidogo.