Mahindi Makavu na Mashine ya Bibi Yustina

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka mguu wangu huanza kucheza wenyewe. Ilikuwa kipupwe, upepo wa Sumbawanga unapita chini ya mlango na kukupekua mpaka mbavu, na mimi nimechuchumaa kibandani kwangu, tupa mkononi, naikwangua gia ya shaba ambayo haikuwa na kosa lolote.

Najua watu watacheka. Nasaha ni kazi ya wazee, nami sijafika hata miaka thelathini, ndevu zenyewe zinakuja kwa kusitasita. Wewe ndiyo kwanza una meno mawili. Lakini aliyenikemea alikuwa mzee, na aliniambia, "Haya usiyafiche. Mwanao akikua umsimulie." Basi nayaandika mapema, kabla sijajifanya kuyasahau.

Baba yako ana ugonjwa wa mashine za bisi. Si hizi za siku hizi zinazosukumwa barabarani. Nasema zile za zamani: sanduku la chuma lenye kioo, refu kama mtoto wa darasa la tano. Unatumbukiza sarafu, linaunguruma, mahindi kiganja kimoja yanadondoka kwenye sufuria ya moto iliyo ndani, yanapasuka, bisi zinamwagika kwenye mdomo wa bati. Ya kwanza niliikuta stoo ya ukumbi mmoja wa zamani hapa mjini, nilipoitwa kubeba viti. Viti nilivisahau. Ya pili niliifuata kijiji cha Kate, nikakuta kuku wanataga ndani yake, na mwenyewe akaniuzia pamoja na mayai.

Rafiki yangu Deo alikuwa haishi kunichokoza. "Mshikaji, wenzako wanakusanya mashamba, wewe unakusanya makopo."

"Subiri. Nitafikisha kumi, nizipange ukumbini, watu waje mpaka kutoka Mbeya."

"Kumi! Anza basi na moja inayowaka."

Hapo alinipata. Hakuna iliyokuwa inawaka. Nilikuwa nikifungua moja, nasikia habari za nyingine, naiacha na matumbo nje. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nimeshika mbili huku naichungulia ya tatu.

Ya tatu ndiyo hiyo ya Bibi Yustina wa Laela. Bibi huyu ni mnunuzi wa mahindi, na kila mkulima wa njia ile anamwogopa kwa meno yake. Hana kipimo cha unyevu. Anachukua punje, anaing'ata, na mlio wake unamwambia kama gunia ni kavu au umemletea maji. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, akainunua mashine ile upande wa Zambia kwenye sinema iliyofungwa, akaiweka dukani kwao karibu na kituo cha mabasi. Abiria walikuwa wanashuka mbio na shilingi moja, ile ya zamani yenye mwenge, wanapata bisi zao huku kondakta anawapigia kelele. Mzee alipofariki, ilifunikwa kanga ikanyamaza. Sasa mwanawe Feliksi, aliyeko Tunduma, alitaka kuiuza chuma chakavu, kwa kilo, kama sufuria iliyotoboka.

Nilimpigia Bibi magoti, mwanangu, sikufichi. Akanitazama mikono kabla ya uso.

"Nikupe miezi mitatu," akasema. "Ikipasua bisi, ni yako, na Feliksi nitamnyamazisha mimi. Isipopasua, ataibeba. Ila sikiliza neno moja. Kilichoharibika rekebisha. Kizima kiache."

"Nimekusikia, Bibi."

"Umesikia, haya. Kuelewa tutaona."

Miezi miwili nilifanya kazi kwa adabu. Nilitoa kutu kwa msasa, nikabadilisha waya zilizoliwa na panya, nikafunga koili mpya ya joto, kioo nikakisugua kwa majivu mpaka nikajiona meno. Nikiwasha, mota inazunguka, sufuria inapata moto. Niliimba peke yangu kama kwaya nzima.

Ikabaki kutia mahindi. Mama, yaani bibi yako, alikuwa amelima kijaruba cha mahindi ya bisi shambani Mollo. Niliyavuna mwenyewe, nikayapukuchua, nikayaanika juu ya bati. Wiki tatu! Kila jua likitoka nayageuza. Sisi Wafipa tumelelewa hivyo: mahindi mazuri ni makavu, mabichi yanarudishwa na mnunuzi, yanakuaibisha mbele za watu. Nikayakausha mpaka yakawa yanalia kama kokoto.

Nikatumbukiza shilingi. Yakadondoka. Yakazunguka, yakazunguka, yakabadilika rangi kuwa ya kahawia. Zikapasuka punje tatu. Nyingine zikanitazama.

Nikajaribu tena, na tena. Nikajiambia, muda hautoshi, mashine inazima mapema. Na kweli, ndani yake kuna gia ya shaba yenye pengo moja. Sarafu ikianguka inainua pini kutoka kwenye pengo, gia inazunguka mara moja, pini inarudi kwenye pengo lake, *tak*, umeme unakatika. Nikawaza: nikiukwangua ukingo wa pengo kidogo tu, pini itateleza, gia itazunguka mara mbili.

Kidogo tu. Bandu bandu huisha gogo. Jumamosi nilikwangua, mahindi yakaungua. Jumapili nikatoka misa ya kwanza moja kwa moja kwenye tupa. Jumatatu, Jumanne. Sikula vizuri, sikukaa kitako, mama akiniita naitikia "nakuja" na siendi. Zilibaki siku chache ile miezi iishe. Mwisho pini ikawa haishiki kabisa. Mashine haizimi mpaka ung'oe plagi. Na mahindi bado hayapasuki, yanatoa moshi tu.

Jumatano nasikia mlangoni, "Hodi. Humu mnachoma mkaa?"

Bibi Yustina, na kikapu chake, ameshuka basi bila kunipa taarifa.

"Karibu Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Feliksi anakuja Jumamosi na pikapu. Nikasema nitangulie nione."

Nikamwonyesha. Nilisimama mbele ya mashine ili asione ninavyoizima kwa plagi. Akaona punje zilizoungua zinatoka kama mavi ya mbuzi. Mimi nikaanza: koili labda dhaifu, muda labda mfupi, umeme wa mtaa huu nao... Hakunisikiliza. Aliingiza mkono kwenye debe la mahindi, akatoa punje moja, akaing'ata. *Ka!*

"Umeyaanika wapi haya?"

"Juu ya bati, Bibi. Wiki tatu." Nilisema kwa fahari, mwanangu.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ungeniletea dukani gunia la haya ningelinunua bila hata kukuangalia usoni. Hayo ni mahindi ya mashine ya unga. Ya bisi unayaacha na kijimaji chake ndani, kidogo tu. Kile ndicho kinachopigana na moto mpaka ganda linapasuka. Wewe umekifukuza. Sasa moto utapigana na nani?"

Nikalitazama debe.

"Hukumuuliza mama yako?"

"Nilidhani ni mashine."

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. Akaagiza chupa yenye kifuniko, akajaza mahindi, akatia kijiko cha maji, akatikisa, akaiweka pembeni kivulini. "Asubuhi na jioni utatikisa. Siku tatu."

"Siku tatu! Bibi, leo jioni hayawezi?"

"Kunywa wewe maji ya siku tatu kwa jioni moja, tuone."

Akakaa kwetu, akalala chumba cha mama, wakapiga soga za ulezi na watoto wao wajinga. Zile siku tatu sikujua pa kuziweka. Nilifagia kibanda asubuhi, nikakifagia tena mchana. Nilitembea mpaka sokoni nikarudi bila kununua kitu. Nilikwenda kuifungua chupa, Bibi akanipiga kibao cha mkono: "Ukiifungua kila dakika unayaonjesha upepo." Lakini kilichonikosesha kukaa hasa hakikuwa chupa. Ilikuwa gia. Mashine nilikuwa nimeigeuza, mgongo wenye gia ukiangalia ukuta, na kila Bibi alipopita karibu nayo nilijikuta nimesimama kati yao.

Jumamosi Feliksi akafika na pikapu, na kamba amekwisha kuiandaa. Mtu mcheshi, hana ubaya. "Fundi, nimekuja kuchukua kilo zangu."

"Subiri," Bibi akasema. Akatia mahindi mwenyewe, akatoa shilingi kwenye pindo la kitenge, akaitumbukiza.

Kimya. Mota ikiunguruma. Kimya. Kisha *pa!* Halafu *pa-pa!* Halafu ikawa kama mvua ya mawe juu ya bati, na bisi nyeupe zikaja zinasukumana kwenye mdomo kama watoto wanatoka shule. Mama alipiga kigelegele. Feliksi akatia konzi mdomoni, akatafuna, akaitupa kamba garini. "Mama, nimesalimu amri. Hiki si chuma chakavu."

Ilikuwa yangu, mwanangu. Kwa dakika moja ilikuwa yangu.

Bibi akainua kidole, anatabasamu, ameinamisha sikio. "Sasa isikilizeni ikinyamaza," akasema. Alikuwa anaungoja ule mlio wa pini. Aliusikia kwa miaka akiwa na mumewe. Nadhani ndio alioufuata kutoka Laela kuliko hata bisi.

Haukuja. Mashine ikaendelea, bisi zilizobaki zikaanza kunuka. Nikang'oa plagi.

"Kulikoni?" akauliza.

Uongo nilikuwa nao tayari ulimini. Imelika kwa uzee, Bibi, shaba ya miaka mingi. Nani angejua? Feliksi angejua nini? Lakini kidole chake kilikuwa bado kiko juu, na tabasamu halijaisha usoni.

"Ni mimi," nikasema. "Gia ilikuwa nzima. Niliikwangua siku nne. Nilidhani kosa ni la muda."

Akakishusha kidole polepole. Hakupiga kelele, bora angepiga.

"Mahindi uliyaua kwa kutojua," akasema. "Asiyejua hufundishwa, hana deni. Lakini hili nilikuambia kwa mdomo wangu. Ile gia mume wangu aliipaka mafuta kila Jumamosi kwa unyoya wa kuku. Basi mashine si yako."

"Niibebe sasa kwenye mzani?" Feliksi akauliza, safari hii taratibu.

"Wala si ya mzani. Inarudi Laela. Na wewe," akanigeukia, "gia uliyoiharibu utaitengeneza mezani kwangu, nakuangalia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Wakaipakia. Deo, aliyekuja kula bisi, aliniwekea mkono begani na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchokoza.

Nilikwenda Laela kila wiki nilipopata nauli. Shaba niliipata kwenye koki za mabomba ya zamani, nikaiyeyusha, nikaikata kwa msumeno mdogo, meno nikayachonga moja moja. Gia ya kwanza ilivunjika jino. Ya pili pengo lilizidi kwa unywele. Ya tatu niliiharakisha kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi, na Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachambua, akasema, "Hiyo itupe tu." Nikaitupa. Basi likaniacha, nikalala kwa jirani yake.

Ya nne niliifunga wakati mvua za kwanza zimeanza, barabara imejaa wakulima wanaotafuta mbegu. Tukatia mahindi, tukatumbukiza shilingi. Yalipasuka. Kisha, *tak*, na duka zima likanyamaza. Bibi Yustina alifumba macho. Baadaye akanimiminia chai, akaniongezea sukari ambayo sikuomba, tukaongea habari za mbolea. Hakusema kama mashine sasa ni ya nani. Nilikuwa nimeshafika Sumbawanga ndipo nilipogundua kwamba nami sikuuliza.

Iko Laela mpaka leo, inafanya kazi. Ile ya Kate nayo inawaka. Ya ukumbini bado iko wazi, na nimesikia kule Kasanga ziwani kuna nyingine imelala nyumbani kwa mvuvi mmoja. Nakiri, nikiandika hapa mguu unacheza. Lakini nimeapa: ya ukumbini kwanza.

Sasa mwanangu, shika haya. Kitu kikikataa, kabla hujachukua tupa tazama ulichokitia wewe mwenyewe. Uliza, hata kama unayemuuliza ni mama yako anayepukuchua mahindi uani. Mara nyingi jibu liko umbali wa hatua kumi na wewe unalitafuta ndani ya chuma. Kilicho bora kwa kazi moja usidhani ni bora kwa zote. Kizima kiache kizima, maana kukwangua ni kwa dakika na kurudisha ni kwa misimu. Ukiharibu, sema mwenyewe, wakati mtu bado anakutabasamia. Ni vigumu zaidi, lakini ndio wakati wake. Na kama utarithi mguu wangu huu usiotulia, usiuonee haya. Mguu uache ucheze, utakufikisha mbali. Mkono ndio uutie breki.

Mungu wa babu zako akukuze kwa afya. Akupe watu wa kukukemea kwa mapenzi, na masikio ya kuwasikia. Kazi ya mikono yako iwashibishe wengine kabla yako, na kila nyumba utakayoingia wafurahi umefika. Amina, mwanangu.