Mbuzi wa Krismasi ya Uchaguzi

Hadi leo nikisikia kisu kikinolewa juu ya jiwe, namkumbuka Mzee Salimu, jirani yetu pale Machakos mjini. Alikuwa Mkamba kama sisi, ila Mwislamu. Kila Krismasi alikuja asubuhi na kofia yake nyeupe, akasema bismillahi, akatuchinjia mbuzi, ili jioni familia yake nayo iweze kula nasi. Binti yake Zuhura na mimi tuligombania figo, mama akituita fisi wawili.

Mwaka ule uchaguzi ulikuwa siku mbili tu baada ya Krismasi. Kanisani, mchungaji alipaza sauti hadi kipaza sauti kikakoroma, akituonya kwamba mgombea mmoja amewaahidi Waislamu nchi, nao watampa kura zote. Baba alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo. Mimi, niwaambie ukweli, niliwaza nyama tu.

Krismasi ilipofika, baba alichinja mwenyewe, hata kabla ya chai. Mzee Salimu alipobisha, alimkuta mbuzi ameshatundikwa.

"Kumbe mmeshachinja, Baba Mwende?"

"Eeh. Mwaka huu sikutaka kukusumbua, Mzee."

Alimtazama mbuzi, akamtazama baba, kisha akakifunga kisu chake kwenye gazeti, polepole. "Haya basi. Mkule Krismasi vizuri."

Jioni niliwapelekea sahani. Zuhura alinirudishia pale mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Hatuwezi kula hii, Mwende. Si baba yangu aliyechinja." Figo nilikula zote mbili, na hazikuwa na ladha.

Hawakuja tena. Nasi hatukualikwa tena pilau ya Idi. Kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani wazee wamekosana juu ya mbuzi.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na Zuhura kwenye matanga ya babake. Aliniambia kuwa mwaka ule Mzee alimpigia kura mgombea wa Ukambani, yuleyule wa baba. Alisema hawezi kumnyima Mkamba mwenzake.

Nilipomweleza baba, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanakwa," akasema, yaani mwanangu, "ningejua ako upande wetu, si ningemngoja achinje!"

Maneno hayo yaliniuma kuliko Krismasi yenyewe. Nilitaka kumuuliza: na kama hangekuwa upande wetu? Lakini baba alikuwa amezeeka, tena analia, na jibu nilikuwa nalo tayari.