Nane ni Kubwa Kuliko Nne

Watu wangu, leo nimechefuka mpaka chai imenishinda.

Mimi ndio fundi wa intaneti ya setilaiti kwa zahanati moja huku Kiambere. Dishi letu ni dogo, kwa hivyo modemu niliiwekea QPSK: wimbi linageuzwa kwa pembe nne tu. Ni pole pole, lakini hata mawingu yakija inashika.

Asubuhi bosi akaja kutoka Embu mjini, tai shingoni. Akachungulia setingi.

"Kwa nini nne na kuna nane? Weka 8PSK!"

"Mkubwa, pembe nane zinabanana. Mawimbi yakififia kidogo, modemu haijui ipi ni ipi. Ni kama kupanda ndengu bila nafasi."

"Nane ni kubwa kuliko nne, ama shule ulienda kuota jua?"

Akabadilisha mwenyewe.

Saa sita wingu likapita. Sista, muuguzi wetu, alikuwa kwa video, anamwonyesha daktari aliye mbali mtoto aliyemwagikiwa na uji moto. Picha ikakatika. Mtoto analia, bosi anapangusa miwani!

Nikarudisha nne. Daktari akarudi.

Halafu bosi, mtu mzima, ananinong'oneza: "Kwa ripoti, andika ni wingu."

Nyinyi mngeandika nini?

Mimi nimeandika: "Ni wingu. Lilitoka Embu, limevaa tai."