Karatasi Inayokunywa Wino

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Milimita, na si kwa ufupi, maana alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Walimwita hivyo kwa sababu ya wimbo wake mmoja. Mteja akileta bango au kitabu alichokipanga mwenyewe nyumbani, Milimita hukitazama kwenye kompyuta, hujikuna shingo, kisha husema, "Umesahau milimita tatu." Hizo ni za pembeni, rangi ipitilize ukingo ili kisu kikikata kisiache mstari mweupe. Wateja wengine walimwona mjuaji, wengine walinuna. Lakini kazi zao zilitoka safi, wakarudi tena, wakaimbiwa tena wimbo uleule.

Kazi yake ilikuwa kuandaa kurasa kabla hazijaenda mashineni: kupanga maneno, kusafisha picha, kupima rangi, na zaidi ya yote kuijua karatasi. Watu hudhani karatasi ni karatasi tu. Ile inayong'aa huuacha wino ukae juu, picha ikatoka vilevile ilivyo. Ile laini isiyong'aa, ya rangi ya krimu, hunywa wino. Wino husambaa, na kila penye giza giza huzidi. Kwa hiyo picha inayokwenda kwenye krimu sharti uipaushe kwanza, tena uipaushe mpaka asiyejua aseme umeiharibu. Ikishachapwa inarudi sawasawa. Hilo Milimita aliweza kulifanya huku anaongea na simu.

Nyumbani alikuwa na mke na binti. Binti huyo, wa miaka kumi na mmoja, aliitwa Chiriku, na aliyewahi kukaa naye chumba kimoja hahitaji kuelezwa kwa nini. Hakuwa wa damu yake. Baba yake mzazi, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mtoto akiwa hajaanza hata kutambaa. Milimita alimwoa mjane huyo wakati Chiriku ana miaka mitatu, na tangu hapo yeye ndiye aliyemfunza kuendesha baiskeli, yeye ndiye aliyeitwa shuleni alipopigana, yeye ndiye aliyemshika kichwa alipotapika. Yeye ndiye aliyeitwa Baba. Na neno hilo, jamani, alilipenda mpaka aibu. Akiitwa mara ya kwanza alijifanya hamnazo ili aitwe mara ya pili.

Marehemu hakumsumbua. Hapakuwa na hata picha yake moja, maana sanduku la picha lilioza lote paa lilipovuja, kabla Milimita hajaingia nyumba ile. Mke naye hakumtaja. Kila akianza alilia, basi akaacha. Milimita akajisifu moyoni kwamba yeye ni mwanamume mkunjufu, asiyemwonea wivu mtu aliyekwisha kuzikwa. Alikuwa hajajaribiwa tu, maskini.

Kisha wanafunzi wa zamani wa mwalimu wakakusanyana. Sasa walikuwa watu wazima na kazi zao, muuguzi, dereva, seremala, wakaamua kutoa kitabu kidogo cha kumkumbuka, kila mmoja aandike analolikumbuka. Wakachagua karatasi ya krimu kwa kuwa, walisema, ina heshima. Na kitabu wakakileta wapi? Kiwanda kilekile, meza ileile. Muuguzi, aliyekuwa kiongozi wao, alichomoa kwenye bahasha picha moja iliyobaki kwake tangu siku ile mpiga picha alipokuja shuleni. Mwalimu amesimama mlangoni mwa darasa, amempakata mtoto mchanga aliyeviringishwa shali jeupe, anacheka.

"Chiriku asiione kwanza," mkewe alimwomba aliposikia habari hiyo. "Nataka aione kitabuni, siku ya uzinduzi, mbele ya watu waliompenda baba yake."

Baba yake. Milimita alitikisa kichwa kukubali.

Akaanza kupanga kurasa, na kupanga kurasa ni kusoma. Seremala aliandika kwamba mwalimu alimvulia viatu vyake mwenyewe siku ya mtihani. Haya, akasema Milimita, viatu. Dereva aliandika kwamba mwalimu hakuinua fimbo hata siku moja, alikuwa akikutazama tu mpaka ukajirekebisha. Milimita aliinua macho, akajaribu kuutazama hivyo ukuta. Muuguzi ndiye aliyemmaliza. Aliandika kwamba mwalimu alikuwa akija darasani na mtoto wake mchanga begani, na kwa kuwa mtoto alikuwa akiguna mfululizo, mwalimu alimwita Chiriku wangu.

Milimita akaondoa mikono mezani. Miaka yote hiyo alikuwa akiliita jina hilo nyumba nzima, uani, dukani, mbele ya rafiki zake, kumbe anaazima mdomo wa mtu mwingine.

"Jina la Chiriku alilitoa nani?" alimuuliza mkewe walipokuwa wakila.

"Baba yake. Kwani sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nilisahau," mkewe akasema, akaendelea kula. Milimita akasukuma sahani yake pembeni.

Tangu hapo akawa hajiwezi. Marehemu alikuwa na nywele nyingi. Milimita, aliyeanza kupata uwanja katikati ya kichwa, akaanza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Akaikuza picha kwenye kompyuta mpaka jicho moja likajaa kioo kizima, akitafuta kasoro. Alitafuta kwenye tai, tai imenyooka. Alitafuta kwenye meno, akakuta mwanya, akafurahi, kisha akagundua kwamba mwanya wenyewe unapendeza. Na kadiri alivyokaza macho ndivyo alivyozidi kumwona binti yake: nyusi zilezile zinazokaribia kukutana, shavu lilelile linalobonyea upande mmoja tu. Alikuwa amelibusu shavu lile mara nyingi akidhani ni la kwake. Roho ilimuuma. Wivu ulimshika wa wazi kabisa, wa kumchukia mtu ambaye hata salamu hawakuwahi kupeana.

Hata hivyo, kazi aliifanya. Tumpe haki yake. Aliipausha picha inavyotakiwa, kwa uangalifu, kama alivyofanya kwa picha za wageni miaka yote.

Siku iliyofuata mkewe akapita kiwandani kuona kazi ilipofikia. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, na Milimita akamfungulia ukurasa wa katikati.

"Mbona umempausha?" mke akauliza.

"Nimempausha?"

"Hakuwa hivi. Alikuwa mweusi, weusi wa kupendeza, unang'aa. Huyu amekuwa kama mgonjwa. Hebu mrudishe alivyokuwa."

Milimita akagusa kitufe, picha ya awali ikarudi. Mkewe akavuta pumzi. Akanyoosha kidole akakiweka kwenye kioo, juu ya shavu la mwalimu, akakiacha pale.

"Ndivyo alivyokuwa akicheka," akasema taratibu. "Hivi hivi. Mwache hivi."

Jambo la karatasi Milimita alikuwa amelieleza kwa wachungaji, kwa mawakili, na kwa mama mmoja muuza sabuni aliyebisha nusu siku. Lilikuwa jambo la sentensi mbili. Lakini alikuwa anakitazama kile kidole. Lini mara ya mwisho kidole kile kiligusa shavu lake yeye, lililo hai, lililonyolewa asubuhi kwa sabuni? Alijaribu kukumbuka, akakosa. Na hapo moyoni mwake kitu kikasimama, kikavaa uso wa upole, kikasema: mteja ndiye ametaka.

"Sawa," Milimita akasema.

Mkewe akamshukuru, tena akamshika bega, akaondoka. Milimita akaihifadhi picha vilevile ilivyokuwa, na giza lake lote, akaipeleka mashineni.

Fundi wa mashine alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyetaka mzaha na wino. Karatasi za mwanzo zilipotoka, alimwita kwa kidole.

"Milimita, njoo. Hii ya katikati imekuwa tope. Umesahau kuipausha?"

"Mteja ameitaka hivyo."

"Mteja gani huyo?"

"Mke wangu."

"Mkeo amejua karatasi tangu lini?" Fundi alimtazama. "Nisimamishe, utengeneze? Si kazi kubwa."

Milimita aliitazama ile karatasi mbichi mikononi mwake. Uso wa mwalimu ulikuwa umekwenda. Nyusi, macho, shavu, vyote vimemezwa; limebaki shali jeupe na mstari wa meno. Naye alifurahi. Nisimpake mafuta: alifurahi. Ilikuwa furaha ndogo ya chinichini, inayotekenya, ya mtu aliyeshinda ugomvi bila kuinua mkono.

"Chapa tu, dada."

"Haya. Mimi simo," akasema fundi, akageukia mashine yake.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule ile aliyofundisha marehemu. Viti vya plastiki, maua mezani, kipaza sauti kinachokoroma. Chiriku alivaa gauni jipya na tangu asubuhi alikuwa amewasumbua: picha ni kubwa? Amekaa au amesimama? Na mimi nimo? Muuguzi alimpa yeye nakala ya kwanza, watu wakapiga makofi, akaambiwa afungue katikati.

Alifungua. Akakitazama. Akakisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, kisha akainuka akaenda nacho dirishani, akakielekeza kwenye mwanga, akakiinamisha huku na huku kama mtu anayetafuta kitu ndani ya chupa. Watu ukumbini walikuwa wakifungua nakala zao, na minong'ono ikaanza. Mama yake aliinuka upesi, akamshika mtoto mkono, wakatoka nje. Milimita akawafuata.

Aliwakuta kwenye ujia, karibu na mlango wa darasa. Mkewe amepiga magoti mbele ya mtoto, analia.

"Ni mimi, mwanangu. Baba yako aliitengeneza vizuri, mimi nikamwambia airudishe. Sikujua. Nimekuharibia siku yako mimi mwenyewe, kwa ujuaji wangu. Nisamehe."

Milimita alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa na jibu tayari endapo angelaumiwa, na ushahidi anao. Lakini mkewe kupiga magoti sakafuni na kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, hilo hakuwa amelifikiria. Alisogea karibu naye.

"Inuka," alimwambia mkewe. "Si wewe. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba karatasi ile itaimeza. Ulipouliza, ningekueleza. Sikutaka. Na mashineni niliulizwa tena, nikasema ichapwe."

Mke akainuka polepole. Alifuta uso kwa kiganja. "Umeniacha nipige magoti," akasema. Hakusema zaidi, na Milimita akaona ni afadhali angezomewa.

"Kwa nini, Baba?" Chiriku akauliza.

Angeweza kudanganya. Mbele ya mtoto uongo huja wenyewe.

"Niliona wivu."

"Wa nani?"

"Wa huyu." Akaonyesha kitabu.

Chiriku akakitazama kitabu, akamtazama yeye. Alikuwa ameduwaa kweli, si hasira, ni kutoelewa kabisa. "Wivu wa nini, Baba? Mimi hata simjui. Nilikuwa nataka nimjue tu."

Milimita akakichukua kitabu, akakifunga.

"Picha yenyewe ipo," akasema. "Haijapotea. Kesho nitaipausha, nitakuchapia safi, ukurasa mzima."

"Kesho ni kesho," Chiriku akasema. "Niambie sasa. Mama akianza analia. Wewe ndiye uliyemtazama siku zote hizo. Yukoje?"

Milimita akamtazama mkewe. Mkewe amegeukia ukuta, lakini amesikia, na hakumkataza.

Basi akaanza. Akasema mwalimu alikuwa mweusi, weusi wa kupendeza, unang'aa. Akasema amevaa tai na imenyooka, na kwamba mikono ya shati amekunja mpaka kwenye viwiko kwa sababu ya kubeba mtoto. Akasema ana mwanya mbele, na ule mwanya unamfanya mtu atake kucheka naye. Akasema jicho moja amelifinya kidogo kwa jua. Mkono mmoja ameuweka chini ya kichwa cha mtoto, vidole amevitandaza vyote, na wakati kila mtu angetazama kamera yeye alikuwa anamtazama mtoto. Alisema yote, hakubakisha, hata yale aliyoificha nafsi yake mwenyewe. Alimsifu mtu yule kama seremala alivyomsifu, zaidi, kwa kuwa hakuna aliyemchungulia kwa karibu namna ile. Mkewe aligeuka kutoka ukutani akawa anasikiliza.

"Na nyusi?" akauliza Chiriku.

"Nene. Zinakaribia kukutana."

"Na akicheka?"

"Shavu linabonyea. Upande mmoja tu, wa kushoto."

Chiriku akaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto, akakibonyeza, akasubiri. "Kama mimi?"

Milimita aliona kidole kile, na wivu ukampanda upya kuanzia miguuni, mbichi kabisa, haukupungua hata chembe.

"Kama wewe," akasema.