Mihogo Isiyoliwa

Pale kituoni walimwita Mama Shimo. Jina hilo hakulipenda, lakini hakuwa na hoja ya kulikataa, maana kazi yake ndiyo iliyompa. Alikuwa msimamizi wa kishamba kilichozungushiwa nyaya mara mbili nyuma ya maabara, ambamo wataalamu walikuwa wakijaribu muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ustahimili ugonjwa wa michirizi. Kila msimu aliupanda, akaupalilia, akaulinda na panya na wezi mpaka ukakomaa. Kisha aliung'oa wote, akaukatakata, akautia shimoni, akauchoma na kuufukia. Sheria haikuruhusu mtu kuonja hata kipande. Nchi nne zilikuwa zikishirikiana katika utafiti ule, nazo zilikuwa hazijakubaliana hata muhogo wenyewe uitweje, sembuse nani aule.

Mara ya kwanza kuuchoma alilia. Alikuwa amekulia katika nyumba iliyokula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na hapo akawa anaumwagia mafuta ya taa mizizi minene kama mapaja ya mtoto. Misimu ilivyopita machozi yalikauka, na mahali pake pakaingia dharau. Hakuwadharau watu wa maabara, maana wale aliwaona wakihangaika. Aliidharau Kamati.

Kamati ya Pamoja ya Kuoanisha Sera ilikuja kila mwaka. Wajumbe walishuka kwenye magari wameng'ara, beji zikining'inia vifuani kama kengele za mbuzi, wakapigwa picha mbele ya uzio, wakaenda kula. Mwaka mmoja walitumia kikao kizima kubishana kama muhogo una mbegu. Sheria ya nchi moja ilisimamia mbegu, nao muhogo hupandwa kwa pingili za shina, kwa hiyo haikujulikana kama sheria hiyo inauhusu au haiuhusu. Wakaondoka wameunda kamati ndogo ya kutafuta maana ya neno mbegu. Mama Shimo alipolisikia hilo alisonya kwa sauti, dereva wa kituo akageuka akidhani kaambiwa yeye.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Mdogo wake, waliyekuwa wakikaa naye ua mmoja, alilima muhogo wa kawaida, na ule ugonjwa wa michirizi ulikuwa umeingia shambani mwake. Juu majani yalipendeza, lakini ukichimba na kupasua mzizi unakuta ndani umeoza, rangi ya kahawia kama mbao iliyolowa. Jioni moja alikuwa akipasua mzizi mmoja baada ya mwingine na kutupa, dada yake akimtazama.

"Dada," akasema, "huo muhogo wenu wa sindano, ni kweli ukiula unaota manyoya?"

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Redioni. Mkubwa mmoja alikuwa anahojiwa."

"Mimi nashinda nao mwaka mzima. Umeniona nina manyoya?"

"Umeshaula?"

Hapo Mama Shimo alikuwa kabanwa. Hakuwa ameula, na hakuna aliyekuwa ameula. Vipimo vya mwisho vya usalama wake vilihitaji idhini ya Kamati, na Kamati ilisema haiwezi kutoa idhini kabla ya kuona majibu ya vipimo hivyo.

"Basi usinicheke mimi na redio yangu," mdogo wake akasema, akautupa mzizi mwingine.

Mkubwa huyo wa redioni alikuwa mjumbe wa Kamati, mtu wa makamo mwenye sauti nzito. Wafanyakazi walimbandika jina la Mzee wa Tahadhari, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Msimu ule Kamati ilipokuja, Mama Shimo aliambiwa asimame nyuma ya ukumbi, endapo wageni watakuwa na swali kuhusu shamba. Hakuna aliyeuliza.

Mzee wa Tahadhari alisimama, akapiga meza. "Watu wetu si panya wa maabara! Mimi, kwa niaba ya nchi yangu, nasema tahadhari! Sumu hii haitavuka mpaka wetu!" Wakampigia makofi. Akafuata bwana mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, akiwa na tabasamu lisilobanduka, akaapa kwamba muhogo huu ukiruhusiwa leo, njaa itakuwa hadithi msimu ujao. Wakampigia makofi naye, mikono ileile. Mama Shimo aliwapandisha na kuwashusha kwa macho wote wawili. Mmoja alikuwa akitisha watu kwa kitu asichokijua, na mwenzake akiwaahidi kitu asichokuwa nacho.

Mchana wakapelekwa shambani, wakavishwa makoti meupe na mabuti. Wenzake walipotangulia, Mzee wa Tahadhari alibaki nyuma, akauinamia mmea mmoja, akaugeuza jani huku na huku.

"Mama, samahani. Hapa michirizi haijaingia kabisa?"

"Haijaingia, mzee."

"Kabisa kabisa?"

"Si unaona mwenyewe."

Akatazama pembeni, akashusha ile sauti nzito hadi ikawa mnong'ono. "Mimi nina shamba kule kwangu. Muhogo wote umeoza. Hebu nifanyie mpango wa pingili chache. Za kwangu tu, hazitakwenda mbali."

Mama Shimo alidhani masikio yamemdanganya. "Si asubuhi umesema ni sumu?"

"Aa, mama! Mle ukumbini naisemea nchi. Hapa nazungumza na wewe kama mkulima mwenzangu."

"Hapa halitoki hata jani, mzee."

"Basi, yaishe," akasema, akatabasamu, akabaki nyuma kidogo tena. Mama Shimo hakumfuata. Alikwenda kumngoja langoni.

Langoni palikuwa na utaratibu wake: mabuti yanaoshwa kwenye dawa, makoti yanavuliwa, mifuko yote inafunguliwa. Mkuu wa kituo, mtu mwembamba aliyeishi kwa hofu ya kuwaudhi wageni, akamnong'oneza, "Hawa waache wapite, Mama."

"Sheria hii wameitunga wao wenyewe," akajibu, bila kunong'ona. "Nawatunzia. Fungueni mifuko, wakubwa."

Wakafungua, wengine wakicheka, wengine wamekunja uso. Mzee wa Tahadhari aliukumbatia mkoba wake, akasema una nyaraka za serikali. Mama Shimo akanyoosha mkono, akaungoja tu. Watu wakaanza kutazama. Mwishowe mzee akauachia. Ndani, pamoja na kisu cha kumenyea matunda, zilikuwamo pingili za muhogo zimeviringishwa kwenye karatasi za hotuba yake. Utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika juu ya maneno.

Yule wa kofia akaangua kicheko, kisha akakimeza, maana alikumbuka kwamba jambo kama lile lingeweza kufunga mradi mzima. Mkuu wa kituo alikuwa kama aliyeona jeneza lake. Lakini Mzee wa Tahadhari hakutikisika. Alikohoa, akajinyoosha.

"Nilikuwa nafanya jaribio," akasema kwa sauti yake ya ukumbini. "Nilitaka kupima ulinzi wa mahali hapa. Mmeona wenyewe jinsi ilivyo rahisi mtu kukata!"

"Umeupima," Mama Shimo akasema, "nao umekukamata."

Madereva waliokuwa wakisubiri nje ya lango walivunjika mbavu. Wajumbe walitazama mabuti yao.

Ungedhani mambo yangeishia kwa mwizi kuaibika. Thubutu! Jioni Kamati ilitoa tamko. Ilimpongeza mjumbe kwa kufichua udhaifu wa uzio, ikaagiza ujengwe uzio wa tatu, ikaunda kamati ndogo ya malango na kumfanya yeye mwenyekiti wake. Majaribio yakasimamishwa hadi kamati hiyo ikamilishe kazi, na muhogo uliokuwapo uteketezwe kabla haujakomaa.

"Ungemwacha apite, Mama," Mkuu alimwambia ofisini, uso ameushika kwa viganja. "Kwani vijiti vile vingeua nani?"

"Sijui vingeua nani, na wewe hujui. Ndiyo maana tulikuwa tunapima. Mimi nilimkamata kwa sababu angeulima kwake kimyakimya, huku anawakataza wenzake redioni."



Siku ya kuteketeza Mama Shimo aliwaalika wajumbe waje washuhudie. Walituma salamu kwamba wako kwenye chakula cha kuagana. Akafanya kazi na vibarua wake. Katikati ya moshi alijikuta ameshika shina moja zuri, lililonyooka, lenye macho mengi ya kuchipua, na shamba la mdogo wake likamjia kichwani lilivyo, na mizizi yake iliyooza. Lango lilikuwa wazi, na wa kumpekua alikuwa yeye mwenyewe. Alisimama nalo hadi kibarua mmoja akamuuliza kama anaumwa. Hakuurudisha mkono nyuma kwa kuipenda sheria ile. Aliona kwamba akilichukua atakuwa amefanana na yule mzee, na hilo hakulitaka. Akalitupa shimoni, akaligeuzia mgongo.

Mkataba wake wa kile kishamba ulipokwisha hakuuongeza. Alihamia bustani ya kituo iliyowakuzia wakulima pingili safi za muhogo wa kawaida, usio na ugonjwa lakini usio na kinga. Mdogo wake alikuwa wa kwanza kupewa.

"Hizi haziotishi manyoya?"

"Hizi ni za kawaida. Zitakuvusha msimu huu, pengine na ujao. Ukiona jani lina madoa, ng'oa mara moja, usiuonee huruma."

"Na halafu?"

"Halafu utarudi kwangu kuchukua nyingine."

Mwaka uliofuata Mkuu alimpigia simu. Kamati ndogo ya malango ilikuwa inakutana katika hoteli mpya kando ya ziwa, na mwenyekiti mwenyewe ameomba Mama Shimo aje kutoa mada kuhusu umakini wa walinzi.

"Mwambie nina kazi," akasema.

"Kazi gani nimwambie, Mama? Huyu ni mtu mkubwa."

"Napalilia," akasema, akakata simu, akainama.